Mkoba Kwenye Bendera

Mwaka jana, mwezi wa Juni, bendera ya akina Oosting ilibaki imekunjwa kwenye kabati chini ya ngazi, na kwa watu wa Meppel, mji mdogo wa Uholanzi, hilo ni tangazo tosha. Mtoto akifaulu mtihani wa kumaliza sekondari, wazazi hutoa bendera nje ya dirisha la juu, na kwenye ncha ya mlingoti huning'iniza mkoba wake wa shule, ule ule uliochakaa, ili kila apitaye na baiskeli ajue. Fenna, binti yao mkubwa, alifeli. Nyumba ya ng'ambo ya barabara bendera ilipepea wiki nzima na mkoba wa kijana wa Wolters ambaye, kwa maneno ya Fenna, hakuwahi kushika kitabu ila kuulia nzi. Na Mama Wolters, mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki, alimwuliza Ineke, mama yake Fenna, mbele ya watu dukani, "Jirani, mbona nyinyi hamjatoa bendera? Imeraruka? Sisi tunayo ya akiba."

Mwaka huu mambo yalikuwa magumu zaidi, maana Fenna alikuwa akirudia darasa na mdogo wake Mirte alikuwa amemfikia. Mabinti wawili wa nyumba moja, mtihani mmoja, mlingoti mmoja. Baba yao Harm, fundi umeme, aliligeuza mzaha.

"Mikoba miwili itavunja mti," alisema. "Itabidi nitafute mlingoti wa chuma."

Mirte alicheka. Fenna aliendelea kupaka siagi mkate wake.

Kilichomkaa Fenna rohoni kilikuwa na jina: ubongo mzima. Ndivyo ilivyoitwa kozi ya Mama Terpstra, mwalimu wa dansi mstaafu aliyekodi chumba juu ya maktaba na kuwafundisha vijana namna ya kusoma. Hakufundisha hesabu wala Kiingereza, alifundisha kusoma kwenyewe. Alisema watoto wanajaza maneno matupu kichwani kama wanajaza gunia, kumbe kichwa kinapenda rangi, wimbo, harufu, mwendo na mahali. Kishirikishe chote, alisema, na hakitakuangusha. Harm na Ineke walikuwa na uwezo wa kumlipia mtoto mmoja tu, na hawakubishana ni yupi. Waliweka karatasi ya kozi kando ya sahani ya Fenna wakati wa chakula cha jioni.

"Kuchora na kuimba?" Fenna aliuliza. "Mnaniona mtoto wa chekechea?"

"Kujaribu tu, mwanangu," Ineke alimbembeleza.

"Basi mjaribishieni mwingine."

Mirte alinyoosha mkono juu ya bakuli la viazi akaichukua ile karatasi. "Nitaenda mimi. Kama hakuna anayeitaka."

Fenna angeweza kusema neno wakati ule. Alikuwa na kiburi cha mtu aliyeaibika, nacho ni kiburi kigumu kuliko vyote, basi akaendelea kula viazi vyake.

* * *

Kufika masika nyumba ilikuwa imegeuka kitabu. Mirte alichora somo zima la biolojia kwa kalamu za rangi na kulibandika mahali pake, kila kitu na pahala pake pa kudumu. Mdomo juu kabisa ya ngazi, tumbo katikati, utumbo ukiteremka na mkono wa ngazi hadi chini, na kando yake ini la kijani lenye uso wa mzee mwenye nyongo. Mapafu yaliangikwa penye makoti. Kongosho lilikaa juu ya kopo la sukari, likiwa limevaa kofia ya askari. Mishipa ya fahamu ilitambaa kwenye kisanduku cha umeme, jambo lililompendeza sana Harm. Moyo ulikuwa chooni, karibu na kalenda ya siku za kuzaliwa za ukoo, na chini yake Mirte aliandika: *Mlango huu hufunguka upande mmoja tu.*

Kila alasiri alimenya chungwa, akapanda na kushuka ngazi, akigusa picha moja moja na kuimba. Chungwa lilikuwa la biolojia tu. Historia ilikuwa na peremende yake.

"We Mirte," Fenna aliita kutoka chumbani, "wengine tunasoma!"

"Na mimi nasoma!"

"Unaimbia utumbo!"

"Ndio hivyo! Na utumbo unasikia!"

Fenna alisoma kama alivyosoma siku zote, mlango umefungwa, kalamu ya njano mkononi, akipiga mstari kila sentensi ya maana mpaka kurasa nzima zikawa njano na hakuna tena sentensi iliyoonekana. Alinakili, akarudia kunakili. Hakuwa mvivu. Hilo ndilo lililomchoma, kwamba alitoa jasho maradufu na kupata nusu. Mitihani ya majaribio iliporudishwa, Mirte alipata nane juu ya kumi. Fenna alipata tano, na Ineke akasema, "Tano si mbaya, imekaribia," kwa sauti ile ile anayoitumia kwa mgonjwa.

"Mwalimu wa biolojia anasema ubongo haufanyi kazi hivyo," Fenna alimwambia mdogo wake. "Eti upande wa picha na upande wa maneno. Ni uongo wa kuuzia kozi."

"Labda," Mirte alijibu. Alikuwa na tabia ya kukubali haraka ambayo ilimuudhi Fenna kuliko ubishi. "Lakini nakumbuka. Unataka nikuonyeshe? Ni rahisi, dada, wewe unachagua mahali tu halafu..."

"Sitaki kufundishwa na wewe."

Kijiba cha roho kilikuwa kimeota, na Fenna alikijua. Alijua kwamba kozi ile ilikuwa yake. Kila picha aliyoipita ngazini aliiona ni kitu kilichotolewa mfukoni mwake, na kibaya zaidi, kilitolewa mbele ya macho yake na kwa idhini yake.

* * *

Siku ya kuzaliwa ya Ineke iliangukia Jumapili, katikati ya mitihani. Viti vilipangwa duara sebuleni, vingine vya kuazima kwa Mama Wolters, na wageni wakaingia wakizunguka kumpa mkono kila mmoja, kama desturi ilivyo: hongera kwa mkeo, hongera kwa mama, hongera kwa dada yako. Kisha kahawa na kipande cha keki, kimoja kwa kila mtu, magotini.

Mjomba Berend, kaka yake Ineke, alikwenda msalani na kurudi akiwa ameinua mikono.

"Jamani! Nimekwenda haja ndogo, nimerudi daktari! Mnajua kwamba damu inapitia kulia kwanza, ikaenda mapafuni, ikarudi kushoto?"

Duara zima lilicheka. Baada ya hapo kila mgeni alitaka kwenda msalani. Shangazi Roelie, dada yake Harm, ambaye hawezi kukaa kwenye nyumba ya mtu bila kufuta kitu, alirudi akiwa na kitambaa mkononi na sifa mdomoni.

"Huyu mtoto atafika mbali. Mirte, ulibuni mwenyewe?"

"Nilifundishwa, shangazi."

"Kufundishwa wanafundishwa wengi," Berend alisema, kisha macho yake yakamwangukia Fenna aliyekuwa akipitisha sahani ya jibini. Hakuwa na nia mbaya. Ni mtu tu asiyestahimili kimya. "Na wewe bado uko shule ile ile? Utaanza kulipwa pensheni sasa!"

Wachache walicheka. Ineke alisema haraka, "Fenna anajitahidi sana," na neno hilo *anajitahidi* lilimwingia Fenna kama mfupa wa samaki.

"Kwa nini usimwombe mdogo wako akusaidie?" Shangazi Roelie aliuliza.

"Jibini?" Fenna alisema, akimsogezea sahani.

* * *

Wageni walipoondoka, Harm alimpeleka Berend stesheni. Mirte alimsindikiza bibi yake nyumbani. Ineke alivuka barabara kurudisha viti, na kila mtu alijua kwamba kwa Mama Wolters hakuna kurudisha kiti bila kukikalia kwanza. Shangazi Roelie alikuwa ameshaosha vyombo vyote na kuondoka, kwani jioni ile ile yeye na mumewe walikuwa wanapanda meli na gari lao la kulala, kwenda Norway.

Fenna alibaki peke yake na karatasi za zawadi. Aliingia chooni kunawa mikono, na moyo ukamtazama.

Alitaka kuubandua huo mmoja tu. Gundi ilikuwa kali, karatasi ikachanika katikati, baina ya upande wa kulia na wa kushoto, na Fenna akasimama na nusu moja kila mkono. Hakuna namna ya kurudisha kitu kama hicho. Basi akaendelea.

Alianza juu ya ngazi na kushuka. Kila picha aliitazama usoni kabla ya kuibandua, akaisemesha kwa sauti. "Kwaheri, tumbo, na asidi yako. Kwaheri, utumbo mrefu usio na mwisho. Kwaheri, ini, mzee wa nyongo, unasaga mafuta wakati wengine tunalia." Gundi ililia kila mara, kraa, na kila mlio ulimpa raha iliyofuatwa na majuto. Kwenye sinki la jikoni figo za zambarau zilikuwa zimebandikwa shingoni mwa bomba, zikichuja. "Chujeni na hili," aliziambia. Alilia na kucheka kwa pamoja. Ganda la chungwa la Mirte lilikuwa bado mezani na nyumba nzima ilinuka chungwa.

Alizikunja zote ndani ya karatasi za zawadi, akazipeleka kwenye kontena la mtaa la taka za karatasi, lile la chini ya ardhi ambalo likishameza halitapiki.

Mirte aliporudi alisimama mlangoni na koti lake mkononi.

"Ziko wapi?"

"Nini?" Ineke aliuliza, naye ndiyo kwanza anaingia. Kisha akaona kuta.

Hakuna aliyemtazama Fenna. Alikuwa kwenye kochi, kitabu cha njano mapajani. Angeweza kunyamaza, na pengine kunyamaza kungetosha. Lakini alisema, "Shangazi Roelie alikuwa anasafisha. Si mnamjua."

Walimjua. Ndiyo maana uongo ule ulisimama wenyewe bila kushikiliwa, na hakuna aliyepiga hesabu ya nani aliondoka saa ngapi. Harm aliporudi alipiga simu na haikupokelewa, meli ilikuwa imeshang'oa nanga, na Ineke akamwakia.

"Dada yako! Mara ngapi nimekuambia! Anaingia nyumba ya watu kama idara ya afya!"

"Alidhani anasaidia..."

"Anasaidia! Mtihani ni keshokutwa, Harm!"

Waligombana mbele ya watoto, jambo wasilolifanya, kwenye ukumbi mtupu wenye alama za gundi, na baada ya hapo Harm hakuthubutu tena kumtaja dada yake wala kumpigia. Mirte hakulia. Alipitisha kidole kwenye zile alama, moja baada ya nyingine, kama kipofu. Kuchora upya hakungewezekana, maana kesho yake walikuwa na mtihani wa lugha.

* * *

Ukumbi wa michezo wa shule ulipangwa madawati yaliyoachana ili mtu asione ya mwenziwe. Mirte aliruhusiwa kuwa na chungwa lake. Alilimenya, akafumba macho, akafungua mlango wa nyumba yao kichwani kama Mama Terpstra alivyomfundisha, akaingia. Kuta zilikuwa tupu. Penye ngazi hapakuwa na mdomo wala tumbo, palikuwa na mama yake akimfokea baba yake. Alitoka, akaingia tena. Walikuwa bado wanagombana.

Safu mbili nyuma, harufu ya chungwa ilimfikia Fenna.

Swali liliuliza mafuta hupasuliwa na nini na kinatengenezwa wapi. Mwaka jana swali la namna hii lilimwonyesha ukurasa wa njano na basi. Sasa alisikia *kraa*. Aliona uso wa mzee wa kijani, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema nyongo, ini, mafuta. Alishtuka hata akaangusha kalamu. Swali lililofuata alishuka ngazi mwenyewe, kwa hiari, akalikuta jibu likimngoja. Figo zilikuwa bombani. Kongosho lilikuwa na kofia yake. Alipofika kwenye swali la moyo alifungua mlango wa choo, akauona umechanika vipande viwili, kulia na kushoto, na hakuwahi maishani mwake kuelewa vizuri kama pale kwamba pande hizo hazichanganyi damu.

Aliandika mpaka mkono ukauma. Aliona haya, na aliendelea kuandika.

* * *

Siku ya matokeo walimu hupiga simu, na kila nyumba inajua kwamba wanaanza na wenye habari mbaya. Kwa hiyo siku hiyo simu ikilia mapema ni msiba, na ikichelewa ni heri. Akina Oosting walikaa mezani mbele ya simu mbili zilizolazwa chali. Wazazi walikuwa wakiiangalia ya Fenna. Walijaribu kutoiangalia, na ndivyo walivyozidi kuiangalia.

Ililia ya Mirte.

Acha tuseme ukweli wa Fenna, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeusema: furaha ilimpanda kifuani kabla hajaweza kuizuia. *Si mimi.* Ilikuwa fupi na tamu sana, na mara ikageuka uchungu.

"Ndiyo, mwalimu," Mirte alisema. "Ndiyo. Biolojia. Naelewa." Aliiweka simu chini taratibu. "Nimeangushwa na biolojia. Wananipa nafasi ya kurudia mtihani huo wiki ijayo. Nikishindwa, narudia mwaka."

Ineke alimkumbatia. Hakuna aliyekumbuka simu ya pili mpaka ilipolia, alasiri, na mwalimu akamwambia Fenna kwa sauti iliyosikika meza nzima, "Umefaulu! Na biolojia ndiyo iliyokuokoa, umepata nane! Mwaka jana ulikuwa na nne. Ulifanya nini, binti?"

"Sijui," Fenna alisema.

Harm alitoa bendera kabatini na kupanda juu nayo. Mkoba wa Fenna, ulioloa mvua ya miaka sita ya baiskeli, ulipanda mlingotini ukaning'inia pale kila mtu wa mtaa alipoweza kuuona. Mama Wolters alivuka barabara na maua.

"Hongera! Hongera mama, hongera baba!" Alinyoosha shingo kutazama juu. "Na mwingine je? Mbona mkoba mmoja? Kamba imewaishia? Tunayo ya akiba."

Mirte alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Fenna alimwona akitafuta pa kuweka uso wake. Aliujua uso ule. Mwaka jana alikuwa ameuvaa yeye.

* * *

Jioni, jua likiwa bado juu kama kawaida ya Juni, Mirte alikaa chini ya ngazi na karatasi nyeupe na kalamu zake za rangi. Hakuchora chochote.

"Naona ukuta mtupu," Mirte alisema, Fenna alipomfikia. "Kila nikifikiria kitu pahala pake naona ukuta. Mama Terpstra anasema nianze upya kwa nyumba nyingine. Nyumba ipi? Sina nyingine."

Fenna aliketi kando yake. Alijua vizuri anachokwenda kufanya na kitamgharimu nini. Alichukua kalamu ya kijani.

"Hapa palikuwa na ini," alisema. "Lina uso wa mzee, kakunja ndita. Utumbo ulianzia pale, ukafuata mkono wa ngazi, na penye kona uliandika *mafuta yanaingia hapa* kwa rangi ya machungwa." Alichora huku akisema, vibaya lakini kwa uhakika. "Mapafu penye makoti. La kushoto dogo kuliko la kulia, kwa sababu ya moyo."

Mirte alimtazama mkono. Taratibu alianza kuitikia, akataja kazi ya kila kitu, sauti ikamrudi. Walishuka hivyo mpaka chooni. Fenna alichora moyo, akasita, kisha akavuta mstari mwekundu katikati kutoka juu hadi chini.

"Huo ni nini?"

"Ulichanika hapo. Gundi ilikuwa kali."

"Haukuchanika," Mirte alisema. "Niliuona ukiwa mzima kabla sijamsindikiza bibi. Na shangazi Roelie alikuwa ameshaondo..."

Hakumaliza. Fenna hakumsaidia kumaliza, wala hakuinamisha kichwa. Nje mlingoti ulikuwa ukilia kidogo kwa upepo.

"Nilikuonea wivu," Fenna alisema. "Nilikuwa nakaribia kufa kwa wivu. Nitawaambia mama na baba. Nitampigia shangazi. Na huo mkoba nitaushusha sasa hivi."

Alikuwa ameshainuka. Mirte alimdaka mkono, na hakumdaka kwa upole.

"Usiuguse."

"Mirte..."

"Ulioutaka sana si ule? Uache pale pale. Kila ukitoka na baiskeli uutazame." Aliuachia mkono wa dada yake. "Nitakukasirikia wiki ijayo, Fenna. Nitakukasirikia vizuri sana. Sasa hivi sina nafasi."

Alimkabidhi karatasi nyingine nyeupe, akafuta macho kwa mkono wa sweta, akatangulia jikoni.

"Kwenye bomba palikuwa na nini?"

"Figo," Fenna alisema.

"Rangi gani?"

"Zambarau."

"Chora."